Masikio Yaliyosimama Malishoni

Sogeeni ndugu zangu, mlio ukutani na mlio mlangoni, zimeni simu, mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana haya anayoyasoma mkwe wetu ni maneno yangu mimi dada yake marehemu, nisiyejua kalamu, na sipendi yakatwe katikati.

Mdogo wangu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, kitinda mimba wa mama yetu, nami nikamlea mgongoni huku nachunga mbuzi wa baba, hata mwaka 1957 yeye akaenda shule, mimi nikabaki na mbuzi. Alimaliza masomo mwaka 1968, na tarehe 1 Juni 1971 akaajiriwa makumbusho, katika chumba cha picha za kale, zile zilizochongwa kwenye bamba la shaba na kupigwa chapa karatasini, mabonde, wachungaji na mifugo yao, kazi yake kuwaeleza wageni maana yake, lenzi haimtoki mfukoni, hadi wenzake wakamwita Mzee Lenzi angali kijana. Mwaka 1976 alimwoa mshonaji, marehemu wifi yangu, aliyezoea kusema mume wake anawajua ng'ombe wote wa karatasi, lakini wa kweli akipiga chafya tu, bwana yuko juu ya meza. Walijaliwa binti, ambaye ni mwalimu, na mtoto wa kiume, seremala.

Mwaka 1983 nilimtembelea kazini, akanionyesha picha aliyoipenda kuliko zote, ng'ombe na ndama wake, kondoo saba, mbwa, na mchungaji amelala chini ya mti, na kwenye kibao, akanisomea, ameandika "Utulivu wa Malishoni". Nikamwambia utulivu gani huo baba, masikio yote yamesimama upande mmoja, mbwa kafyata mkia, kondoo wamebanana, hawa wameona kitu huko nje ya picha na huyu anakoroma. Akauliza kitu gani, nikamjibu mimi nachunga mbuzi, sichungi karatasi, tukacheka, ila yeye macho hayakucheka. Alizipitia kwa lenzi picha zote za chumba kile, mia mbili na kumi na nne, akakuta hamsini na moja zina masikio yale yale, akabadilisha maelezo, mkuu wake akafoka kwamba wageni wanakuja kupumzika, si kutishwa na kondoo. Tangu mwaka huo hakukaa tena popote akaupa mlango mgongo.

Alipostaafu tarehe 30 Juni 2009, wenzake kwa upendo wao wakamzawadia nakala ya picha ile ile. Aliitundika mbele ya kitanda, akasema afadhali aione kuliko imvizie.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2021. Asubuhi ya tarehe 9 mwezi huu, wodini, picha iko kwenye kabati la dawa, alinishika mkono akasema dada, wamekiona tena, kinakuja upande wangu. Nikachukua lenzi, nikamwambia hapana mdogo wangu, ndama ananyonya. Nilimfundisha mwenyewe tangu utoto, mnyama mwenye hofu hashushi maziwa. Akauliza kweli dada, nikasema kweli, ananyonya mpaka povu. Akashusha pumzi ndefu, akalala, na saa sita na robo mchana akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu dereva aliyempeleka kusafishwa damu mara tatu kila wiki bila kununa, na wenzake wa makumbusho, ambao zawadi yao siwalaumu.

Nyumba wameachiwa binti na kaka yake, vitabu ni vya mwalimu, meza ya kazi ni ya seremala, mimi nimepewa picha na lenzi. Siku ile wodini machozi yalinijaa, nilisema bila kuona. Jana nimekaa dirishani nikaitazama vizuri. Ndama ameiacha chuchu, amefumba mdomo, naye anatazama huko huko.

Lala, mwana wa mgongoni kwangu, usiinue kichwa. Zamu ya kuchunga nimeirithi mimi.