Daktari Aliyekataa Kumzika Mumewe kwa Kukisia

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, historia hii imeandikwa na familia ya marehemu na inasomwa na mdogo wake, yule aliyemwachisha ziwa, ni ndefu kidogo, na kwa hili jua tunaomba radhi, lakini kwa maneno hatuombi, kwa sababu jana baadhi ya wazee walishauri sehemu ya kiwanda irukwe ili tuzikane kwa utulivu, na jibu la familia ni kwamba haitarukwa, marehemu hakuwahi kuruka kitu akaandika kimekwisha, nasi hatutaanza leo mbele ya jeneza lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano, baba yetu akiwa fundi wa breki za mabehewa na mama yetu mfuaji wa nguo za hospitali. Januari 1964 alipelekwa kuandikishwa shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana, na kwa kuwa siku hizo wengi hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa, mtoto alipitishiwa mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la pili anaingia, usipogusa arudi mwakani, na wake haukugusa, alikuwa na mikono mifupi mpaka amekufa. Mwalimu mkuu alipomwambia aende nyumbani, yeye alifungua mdomo, akamwonyesha mapengo mawili ya mbele na jino jipya lililokuwa linachomoza, akasema, "Mwalimu, mtoto mchanga anang'oka meno?" Alipokelewa, na mama alimpa kofi moja la utovu wa adabu na kumbatio moja la ushindi, kwa mpangilio huo.

Aliendelea na sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1971, kisha chuo cha udaktari wa meno, akahitimu tarehe 5 Novemba 1983, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika kitengo cha meno cha hospitali ya mkoa, chumba cha mwisho kwenye ujia, ambacho dirisha lake lilitazama ua wa mochwari, jambo ambalo wenzake walilionea kinyaa na yeye akalizoea. Mwaka 1991 basi liliungua, polisi wakaja kuuliza kama kuna anayeweza kusoma meno, akavuka ule ua kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo alipelekwa masomoni kwa mwaka mmoja kujifunza kazi hiyo sawasawa, ya kumtambua mtu kwa meno yake pale uso unapokuwa haupo tena, na ya kukadiria umri wa mtu asiye na cheti, ambayo mahakama ilimwitia mara nyingi.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu ambao uliwakera wengi, yaani alisoma kwanza mdomo wa maiti, akaandika alichokiona, akasaini, ndipo akafungua jalada la mtu aliyekuwa akitafutwa, na ukimtajia jina mapema alikufukuza, kwa sababu, alisema, jicho likishaambiwa jina huanza kuona linachokitaka. Hakimu akimwuliza kijana huyu ana miaka mingapi, alijibu kati ya kumi na sita na ishirini, na hakimu akitaka namba moja alimwambia meno si kalenda. Polisi walimbatiza jina Mama Subiri, nalo lilimfika nyumbani, hata sisi ndugu zake tukilitumia tukiwa mbali na mkono wake.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na bwana stoo wa kiwanda cha magodoro, mtu mpole, mwenye sauti ndogo na vicheko vikubwa, ambaye alifika kwake kama mgonjwa wa magego ya mwisho, akatolewa mawili, akarudi akatolewa mawili mengine, akarudi tena. "Sasa wewe linakuuma lipi?" aliulizwa. "Hakuna," alisema, "nimekuja kusalimia kilichokuwa kinaniuma." Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1988 na mtoto wa kiume mwaka 1992, ambao wote wapo hapa mbele.

Tarehe 19 Septemba 2006, saa nane mchana, kiwanda cha magodoro kiliungua, sponji ilishika moto kuliko petroli, na watu tisa hawakutoka, bwana stoo akiwa mmoja wao. Marehemu alikuwa kwa mgonjwa alipouona moshi, akamaliza kuziba lile jino, akanawa mikono, ndipo akaenda.

Hapa tunaomba msikilize vizuri. Kabla marehemu hajaitwa kazini, mwili mmoja ulikuwa umekwisha kuondolewa, kwa sababu ulikutwa chini ya mashine ya kukatia sponji, na kijana wa mashine hiyo alijulikana, kibarua ambaye wenzake walimwita Kizibuo kwa tabia yake ya kufungua chupa za soda kwa meno, mtoto pekee wa mama mshonaji wa mtaa wa pili, basi polisi walisema aliyelala kwenye mashine ya Kizibuo ni Kizibuo, mama akapewa, akazika. Ilibaki minane, marehemu akaifanyia kazi saba kwa utaratibu wake, akaipatia majina na wenyewe, na wa nane hakuugusa, kwa kuwa sheria ya kazi ile ni kwamba mtu hasomi meno ya wake, na ikabidi aitwe mtaalamu mwenzake kutoka mbali, mzee tunayemwita Miwani, ambaye hakuweza kufika upesi.

Wakwe walikuja, wakakaa kwenye benchi la ua wa mochwari siku baada ya siku, na mama mkwe, aliyekuwa mgonjwa wa moyo na hamu yake moja ilikuwa kumzika mwanawe kabla yeye mwenyewe hajafukiwa, alimwita marehemu akamkalisha pembeni yake.

"Mwanangu, wamebaki wangapi humo ndani?"

"Mmoja, mama."

"Na anayetafutwa ni nani?"

"Ni mwanao."

"Sasa hesabu gani hiyo inayohitaji mtaalamu?"

"Mama, kubaki si kutambuliwa."

Shemeji yake, aliyekuwa amesimama, alimwambia, "Shemeji, sisi tunaomba maiti, hatuombi somo," na watu wengi walicheka kwa uchungu, na wapo waliosema wazi kwamba mwanamke huyu hakumpenda mumewe, kwa maana angempenda angemjua, na kati ya waliosema hivyo wengine wamekaa hapa leo wakiwa na leso mkononi, tunawashukuru kwa kuja.

Miwani alifika, akaingia, akakaa humo kwa muda, akatoka uani na glavu zake bado mkononi, akauliza kitu kimoja tu, "Dada, mumeo alikuwa na magego ya mwisho?" Marehemu akajibu, "Niliyatoa mimi, yote manne." Mzee akavua miwani akaifuta, akasema, "Huyu anayo, na ncha za mizizi hazijafunga." Maana yake, kwa sisi tusiosomea, ni kwamba jino likishatolewa halirudi, na kwamba mzizi wa gego la mwisho huwa wazi kwenye ncha mpaka mtu anapokaribia au kupita kidogo miaka ishirini, na bwana stoo alikuwa na hamsini. Katika wale tisa, aliyekuwa chini ya miaka thelathini alikuwa mmoja tu, na huyo alikwisha kuzikwa.

Marehemu alikaa kwenye ngazi ya mochwari, na Miwani akamwambia kwa upole, "Mimi nitaandika kwamba si yeye, basi. Waliokwisha kuzikwa hakuna aliyeniuliza habari zao." Alikuwa anamwachia mlango, na shemeji naye alipopata habari aliusukuma mlango huohuo, akasema tumchukue huyu tumzike, kila nyumba itakuwa na kaburi lake, nani ataumia, nasi tunakiri kwamba hata upande wetu wapo walioona ni shauri jema. Yeye alijibu, "Kuna mama anamlilia mume wangu akidhani ni mwanawe, na mwanawe yumo humu kwenye droo. Mnataka nipite mbele ya nyumba yake kila siku nimwambie habari za asubuhi?"

Alikwenda peke yake. Mshonaji alikuwa barazani na cherehani yake, hakuinuka, akasema, "Karibu daktari, kama ni nguo nikupime, kama ni pole nimeshapewa za kutosha." Marehemu alimweleza yote bila kuzungusha, maana kuzungusha hakujua, na yule mama alisikiliza mpaka mwisho huku mguu wake ukikanyaga cherehani isiyo na kitambaa, kisha akasema, "Mwanangu nimemfukia. Unataka nimfukue ili wewe upate wako?" Marehemu akasema ndiyo, ili sote wawili tupate wetu. "Toka," alisema mshonaji, na majirani waliosikia walimtolea marehemu maneno ambayo hapa hayafai kusomwa.

Hakurudi kule, wala hakutuma mtu, na alipoambiwa kwamba anaweza kwenda mahakamani kaburi lifunguliwe mama yule atake asitake, alisema hatafanya hivyo kabla mama hajasema mwenyewe, na hali ya mama mkwe ilikuwa inazidi kuwa mbaya, na nyumbani kwake hakuna aliyekuwa akila vizuri. Wiki ikapita, na nyingine. Ndipo mshonaji alipotokea kwenye chumba cha meno, akapanga foleni na wenye meno mabovu, zamu yake ilipofika akatoa picha iliyofungwa kwenye kipande cha kitambaa, akaiweka juu ya meza.

"Picha zote alikuwa anafunga mdomo," alisema. "Hii tu ndiyo anacheka. Hilo jino la mbele lilimeguka kwa hayo mambo yake ya soda. Nilimchapa."

Marehemu hakuiangalia, aliigeuza kifudifudi ikatazama meza, akampelekea Miwani, na Miwani akalinganisha jino kwa jino, pembe iliyomeguka na jinsi meno ya pembeni yalivyolaliana, akakuta ni huyohuyo. Kwa ridhaa ya mama huyo mahakama iliamuru, kaburi likafunguliwa tarehe 2 Novemba 2006, na aliyekuwamo hakuwa na magego ya mwisho hata moja, na gego lake la chini lililozibwa lilifanana na picha ya eksirei iliyotoka kwenye kabati la mkewe. Kizibuo alizikwa katika kaburi lilelile mama yake alilokwisha kulizoea, na bwana stoo alizikwa kwao, mama yake akiwa kwenye kiti amelishika jeneza la mwanawe.

Mngedhani hapo pana amani. Pale mazishini shemeji alisimama akasema kwamba ndugu yake alikutwa kwenye mashine ambayo haikuwa yake, kwa hiyo ni wazi aliingia motoni kumtoa yule kijana, alikufa shujaa, na watu wakaanza kuitikia, ndipo mjane aliposimama, kwa sauti ambayo haikupanda wala kushuka, akasema, "Meno yanasema ni yeye. Hayasemi alikwenda pale kufanya nini, na mimi sikuwepo." Mama mkwe hakumwita tena mwanangu tangu siku ile mpaka alipofariki Machi iliyofuata, na wakwe walihesabu kwamba alimpokonya mume wake sifa mbele ya kaburi. Miaka mingi baadaye binti yake alimwuliza kwa nini hakunyamaza japo siku moja, akamjibu, "Hakuna aliyetaka lile la ushujaa liwe kweli kuliko mimi. Ndiyo maana nilikuwa mtu wa mwisho kuaminiwa nalo." Binti anasema mama yake alikuwa anaosha vyombo, akaendelea kuosha sahani ileile moja tu.

Alistaafu Aprili 2018. Mwaka 2021 aligundulika na ugonjwa wa figo, akahudumiwa hospitali ileile aliyoitumikia, na katika miezi ya mwisho mgeni wake wa mara kwa mara alikuwa mshonaji, ambaye kwa miaka hiyo yote walikuwa wakisalimiana kwa kichwa tu. Siku ya kwanza alivuta kiti, akauliza, "Daktari, kuhusu mwanangu, una hakika?" Marehemu akasema, "Kuhusu mwanao, ninayo. Kuhusu mengine mengi, sina." Mama yule akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipata alilolifuata, akatoa utepe wake, akaomba ampime gauni, na marehemu akamwambia, "Pima mara mbili." Gauni hilo ndilo amelivaa. Marehemu alifariki tarehe 9 Agosti mwaka huu, saa nne asubuhi, watoto wake wakiwa pembeni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa yule muuguzi aliyekubali kugombezwa kila siku kuhusu namna anavyopiga mswaki, inawashukuru majirani waliobeba maji na viti, wafanyakazi wenzake wa kitengo cha meno na wa mochwari, ambao wamesimama nyuma kabisa kama kawaida yao na tunawaomba wasogee mbele, na mzee Miwani aliyesafiri akiwa na fimbo. Mshonaji, mama yetu, asante. Upande wa wakwe wamekuja watatu, akiwamo shemeji, tumewaona, viti vipo, karibuni mkae na familia.

Dada, pumzika kwa amani. Hapa umelala wewe mwenyewe, kwa jina lako, na kati yetu sote tuliosimama hapa hakuna anayekisia.