Siku Nilipopiga Yowe Wasitoke

Hebu niambieni, akina mama mliokaa hapa: nani ameshapiga yowe la msiba, majirani wakasikia, wakakaa kimya? Hakuna? Mshukuruni Mungu. Mimi nimepiga. Msishangae nacheka, mimi ndivyo nilivyo, hata nikilia nacheka.

Niliolewa enzi za Mwingereza, kwenye kamji kadogo ka wakulima huko mbugani, mbele ya Usagara. Duka moja la Mhindi, mizani ya kununulia pamba, na mashamba mpaka macho yachoke. Kulima tulilima kwa kundi. Asubuhi ngoma inalia, mnatoka wote, leo shamba la huyu, kesho la yule, mnaimba, mnarusha majembe juu, ee, raha! Nilikuwa naringa mimi, msinione hivi. Lakini usipokwenda, unatengwa. Hupewi moto wa kupikia, huna wa kwenda naye kisimani, na ukifiwa hawaji, mpaka utoe mbuzi na pombe.

Basi mume wangu akachukuliwa vitani. Nikabaki na mama mkwe, haoni, na mwanangu ndiyo anaanza kutembea. Surua ikamkamata. Ngoma ikalia, mtoto anaungua kifuani kwangu. Sikwenda. Kesho yake pia sikwenda. Jioni akaja mkuu wa vijana, anayeongoza kundi la kulima, nsumba ntale tunamwita.

"Mayu," ndivyo kwetu tunavyomwita mama, "ngoma hukuisikia?"

"Nimeisikia, baba. Mtoto mgonjwa."

"Siku ya jembe kila nyumba ina mgonjwa!"

"Ingia umwone basi."

Hakuingia. Akageukia palepale mlangoni. Kulipokucha tumeshatengwa.

Ndugu zangu, mwanangu alikufa asubuhi, ng'ombe wanatolewa. Nikatoka uani nikapiga yowe. Kwetu yowe likilia hata mwenye kidonda anakuja anachechemea. Nikawaona wamesimama kwenye ua wa minyaa wa nyumba zao, wananitazama. Hakuvuka mtu. Nikachimba mwenyewe. Mama mkwe akashuka shimoni, akapapasa kwa viganja, akasema, "Bado, mwanangu. Fisi watamfikia. Ongeza." Nikaongeza.

Ngojeni ninywe maji.

Aliyekuja wa kwanza ni mke wa mwenye duka, kabeba makaa ya moto kwenye kigae. Nikamwambia, "Mama, watakutenga."

"Watanitenga na nini? Mimi hata jembe sina!"

Tukacheka, machozi yanatoka. Siku ile mama mkwe alikunywa uji wa moto.

Mvua ikanyesha. Shamba lote majani, na bila shamba mimi na bibi yule tungekufa njaa. Nikaenda kulima peke yangu. Nipo katikati, nasikia jembe lingine pembeni. Kuangalia, mama yake mkuu wa vijana mwenyewe! Analima tu. Mwanawe akaja mbio, na kundi nyuma yake.

"Mama, toka humo! Huyu katengwa."

"Nitenge na mimi."

"Mama, unaniaibisha mbele za watu."

"Nilisikia yowe lake nikakaa kwangu, nisikuaibishe. Usingizi sijaupata tangu siku ile. Haya nitenge, tuone nani atakusongea ugali!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akashika jembe, akaanza mstari wake karibu na wangu, uso hawezi kuuinua. Wote wakaingia. Jioni shamba limeisha. Baadaye wakakubaliana: mwenye mgonjwa ngoma haimwiti.

Lakini mwanangu ndiyo hivyo. Baba yake aliporudi vitani alikuwa anaita jina lake tangu njiani, kamletea kakofia. Hapo mniachie, sipawezi.

Nawashukuru mama mkwe, mke wa mwenye duka, na mama yule. Wote wako udongoni. Na nyie nawaambia, kundi ni zuri, mimi nalipenda mpaka leo. Ila ukisikia fulani haji kazini, kaulize kwanza anauguza nani.

Juzi mjukuu wangu kachaguliwa kuongoza vijana wa kijiji. Kaja anafurahi, nikamkalisha, nikamsimulia haya. Kisha akanishika mkono.

"Bibi," akasema, "siku wakiniambia nimtenge mtu, kwanza nitaingia ndani kwake. Na akifiwa huku tumemtenga, kaburi nitachimba mimi."