Tangazo la Wodini

Muuza vitambaa alijifanya anasinzia ndani ya basi, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele, ambako msusi alikuwa akimpigia mama yake simu isiyopokelewa.

"Nimemwachia maji ya bomba yenye ndimu," msusi alimwambia jirani yake wa kiti, mfagizi wa hospitali. "Kundi letu la simu linasema ndimu inaua kipindupindu."

"Ndimu tena, mdogo wangu? Yachemsheni! Tangazo lipo, nalipangusa vumbi kila siku."

"Limebandikwa wapi?"

"Wodini."

"Sasa dada, sisi wazima tulisome lini?"

Kumbe kuijua kinga sharti uugue kwanza, akawaza muuza vitambaa.

Basi likasimama, simu ikapokelewa. "Mama, umeshayanywa?" Msusi akashuka mbio, na jibu likashuka naye.