Historia ya Marehemu Rayson Nashoba na Mfungwa Aliyeachiwa Akavune Mahindi

Ndugu wafiwa, wazee wa kanisa na majirani wote mliofika, mimi ni Lutie Impson, mtoto wa dada yake marehemu, na nimepewa karatasi hii kwa sababu mjomba alisema mwenyewe, "Asome Lutie, huyo haoni haya." Nitaisoma yote, na wale mabwana wa kamati ya mji walioketi nyuma, waliotuletea jiwe la kaburi kwenye lori, naomba wanivumilie, maana jiwe hilo limeshachongwa "Aliwafuata wauaji wanne, hakuacha hata mmoja," na familia haijalipokea wala kulikataa, tumesema historia isomwe kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1858, kando ya mto Kiamichi, katika taifa letu la Choctaw, kabla wazungu hawajaligeuza jimbo lao, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Elum Nashoba na mama Siney. Alisoma shule ya bweni ya wamisionari kuanzia mwaka 1867 hadi 1873, akatoka na mwandiko mzuri, hesabu za kutosha na chuki ya maisha kwa viazi vya kuchemsha.

Mwaka 1879 aliingia kikosi cha askari wa farasi wa taifa letu, na tarehe 2 Mei 1885 akaapishwa kuwa askari wa mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali ya wazungu, iliyokuwa Fort Smith, ng'ambo ya mpaka, kazi ya kuzunguka na gari la farasi wiki sita, kukamata waliotajwa kwenye hati, kuwafunga mnyororo mmoja na kuwafikisha kizimbani. Alikamata watu mia moja na kumi na saba, sijaongeza hata mmoja, na wote walifika wazima, wengine wamenenepa, kwa sababu mjomba alikuwa hawezi kula huku mtu anamtazama.

Tarehe 3 Desemba 1882 alifunga ndoa na Melvina Carshall, tuliyemzika hapa hapa mwaka 1931, wakajaliwa watoto watano, na watatu wako nasi leo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo maneno ya watu yalipoingia. Mwezi Septemba 1889 alimkamata Loman Ludlow, Mchoctaw mwenzetu, aliyemchoma kisu mfanyabiashara wa farasi, mzungu, ambaye alipona. Loman alimwambia njiani, "Kaka, mahindi yamekauka shambani na mke wangu ana mimba ya miezi minane, nisipovuna mimi atavuna nani?" Kwetu mtu akihukumiwa aliachwa aende kwao, akapewa siku, na siku ikifika alikuja mwenyewe bila pingu, hata akijua anakuja kufa, lakini sheria ya ng'ambo haikuwa na kitu kama hicho, na mjomba alijua. Akafungua mnyororo. "Siku kumi," akasema. "Jumatatu tarehe saba Oktoba, mlangoni kwa mahakama."

Jumatatu ikafika, Loman hakuonekana. Mjomba akaulizwa mfungwa yuko wapi, akajibu, "Anavuna mahindi," ukumbi mzima ukaangua kicheko, ila mkubwa wake hakucheka, akamvua beji mbele ya watu. Mjomba hakukana kosa, akasema, "Basi mahali pake nitakaa mimi," akaingia mahabusu kwa miguu yake mwenyewe, na humo ndani walikuwemo watu wanane aliowakamata yeye. "Karibu afande! Umekuja kututembelea au umehamia?" "Mpisheni, jamani, mnyororo tumemtunzia!" Alinieleza kwamba siku zile mbili ndizo alizoogopa kuliko zote, si kwa ajili ya kifungo, aliogopa kwamba Loman asipokuja, neno la Mchoctaw litakuwa limefia mikononi mwake.

Jumatano mchana Loman akatokea, matope hadi kiunoni. "Kaka, nisamehe, mto umefurika, imebidi nizungukie milimani." Mjomba akamuuliza, "Umevuna?" "Nimevuna yote." "Haya." Hayo ndiyo yaliyosemwa, basi, hapakulia risasi. Loman alifungwa miaka minne, mjomba akaachiwa ila hakurudishiwa beji, akarudi kwa askari wa taifa letu hadi mahakama zetu zilipofungwa mwaka 1907, kisha akalima.

Mwaka 1924 alikuja mwandishi, akakaa barazani kwake siku tatu, akala mahindi yetu na nyama ya nguruwe hadi akafungua mkanda, akaandika kitabu ambamo askari anamfuata mfungwa shambani na kumpiga risasi pamoja na wenzake watatu, kikatengenezewa sinema mara mbili, mwaka 1928 na 1936. Ile ya pili mjomba na Loman waliitazama pamoja mjini Hugo, nami nikiwa nao, Loman akamgusa bega, "Kaka, umeniua tena, safari hii nimekufa vizuri?" Watu wakamnyamazisha, na mjomba hakucheka. Njiani akaniambia, "Lutie, nikifa watasema nilimuua mtu aliyerudi." Iliniuma, na inaniuma hata sasa.

Kifua kilianza kumsumbua mwezi Agosti mwaka huu, miguu ikavimba, na tarehe 9 Novemba 1938, saa moja asubuhi, alifariki nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini.

Familia inamshukuru Daktari Pruitt, aliyekuja kwa farasi barabara ilipokuwa haipitiki kwa gari, majirani waliopika na kupasua kuni, kina mama wa kwaya, na askari wastaafu waliochimba kaburi kwa mikono yao.

Mabwana wa kamati, asanteni kwa usumbufu, jiwe lenu ni zuri, rudini nalo. Watoto wa marehemu wameamua kwamba udongo wa kwanza hawatautupa wao, atautupa huyu mzee wa benchi la pili mwenye shali ya bluu, ambaye ana miaka sabini na mitano na wajukuu kumi na wanne. Mzee Loman Ludlow, tafadhali simama.

Mjomba, wamemwona. Lala sasa, upumzike.