Mungu Alinishusha kwenye Kulabu ya Lori

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Na ninyi mliokaa karibu na mlango mwitikie pia, maana ushuhuda huu una mlima na una mteremko, na sitaki mtu atoke katikati kwenda kuangalia maharage yake jikoni.

Mwaka 1995, nikiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, ndipo mateso yangu yalipoanza. Kabla ya hapo sikuwa na shida na mtu. Mimi Alfonsi nimesoma darasa la pili, nalo sikulimaliza. Lakini kahawa yangu niliipanda kwa mikono hii. Ngolo zangu, yale mashimo tunayochimba mlimani ili udongo usikimbilie bondeni, zilinyooka kuliko za shamba la mfano la bwana shamba. Nyumba yangu ilikuwa na bati wakati wengine bado wanaezeka nyasi. Kwa hiyo nilikuwa na kiburi. Nasema wazi! Kiburi changu kilikuwa kinatangulia njiani, watu wanakisalimia kwanza, halafu ndiyo wananiona mimi.

Mwaka huo binti yangu Skolastika alimaliza kidato cha sita, akafaulu, akaitwa chuo kikuu. Ndugu zangu, katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika hata mlangoni pa chuo kikuu kuuza karanga! Siku ile nilishuka Mbinga sokoni, kwenye marundo ya mitumba ambayo ndiyo yalikuwa yameshamiri, nikajinunulia koti. Koti la rangi ya damu ya mzee, zito, refu hadi magotini. Mbele lilikuwa na marinda mengi, limejaa, limetuna. Nyuma lilikuwa na tai kubwa ya kitambaa, imefungwa kama maua ya altareni. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hili ni la wakubwa wa Ulaya." Nikaamini. Nikaona yale marinda ya mbele yamewekwa kwa ajili ya kitambi cha mtu aliyefanikiwa. Ile tai ya nyuma nikajua ni cheo.

Nililivaa kanisani, mazishini na kwenye mikutano ya chama cha ushirika. Nikiingia watu wananyamaza. Nilidhani ni heshima.

Sasa, chuo kilikuwa bado miezi kadhaa. Skola akaomba ruhusa aende ziwani, kwa dada yangu Yustina aliyeolewa Mbaha, akapumzishe kichwa. Nikampa wiki mbili. Wiki mbili, ndugu zangu! Akakaa miezi miwili na nusu.

Na hakukaa mahali pamoja. Yustina alikuwa mfanyabiashara wa mitumba, anazunguka minada yote ya ufukweni, na Skola akawa anazunguka naye. Kila lori lililopanda kutoka ziwani lilileta dagaa na habari za mwanangu. Wa kwanza akaniambia, "Mzee Alfonsi, tumemwona Skola Kihagara, amevaa miwani ya jua." Nikasema jua la ziwani ni kali. Wa pili akasema, "Tumemwona Mbamba Bay, ana viatu vya mchuchumio, anatembea navyo mchangani." Nikasema ataanguka, atajifunza. Wa tatu hakusalimia hata. Aliniita pembeni, akashusha sauti kama anayeleta habari ya msiba: "Suruali."

Suruali! Na mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya, niliyetunga sheria kwamba mwanamke yeyote akija kwenye sala na suruali, asimame nje na mbuzi! Jumapili ile nikasimama mbele ya watu wote, ndani ya koti langu, nikaapa. Nikasema Skolastika asipoivua ile suruali, sisaini fomu zake za chuo. Zile fomu zilikuwa ndani ya sanduku langu. Zilitaka saini ya mzazi na muhuri wa ofisi, na zilitakiwa ziondoke Mbinga kabla ya Ijumaa. Bila saini yangu hakuna chuo. Mke wangu alilia. Nikamwambia alie taratibu, watu wananitazama.

Jumatatu nikatia fomu mfukoni, nikapanda lori la mahindi kwenda Mbaha kumkamata.

Mnaijua ile njia. Ukiondoka kwetu unatetemeka kwa baridi, ukifika ziwani unaiva. Koti sikulivua. Jasho lilinitoka hadi kwenye viatu, lakini nilisema, mtu wa cheo havui cheo kwa sababu ya joto. Nikafika mnadani nimelowa kama niliyevuka ziwa kwa miguu. Yustina alikuwa amepanga nguo zake juu ya turubai, na mwanangu amesimama katikati: suruali ya jinzi, blauzi ya njano, kapelo kichwani, ananadi kwa sauti mpaka wavuvi wanageuka.

"Baba, shikamoo!" akasema, akapiga goti. Alipiga goti na suruali yake, ndugu zangu.

Kabla sijafungua mdomo akaja mama mmoja mjamzito, tumbo liko hapa. Akalishika koti langu, akalipapasa marinda, akanizunguka mpaka nyuma, akaivuta ile tai. Kisha akamuuliza Yustina, "Mama, hili la huyu baba mnaliuza kiasi gani? Nimelitafuta la namna hii tangu mimba ya kwanza."

Yustina, dada yangu wa tumbo moja, akacheka hadi akakaa juu ya viatu vya wateja. "Kaka yangu Alfonsi! Umepanda lori na koti la wajawazito! Haya, mimba ya miezi mingapi, nimwambie wifi akuchinjie kuku?"

Nikamgeukia Skola. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama chini.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua, baba. Tangu siku uliyolileta. Vifungo viko upande wa kike."

"Na hukuniambia?"

"Ulilinunua siku niliyofaulu," akasema. "Ulikuwa umefurahi sana. Wasichana wa kwaya walikucheka, nikagombana na wawili wao. Ningekuambiaje?"

Mtu mwenye akili hapo angeanguka magotini, amshukuru Mungu kwa mtoto wa namna ile. Mimi nilifanya nini? Kiburi kikazidi! Nikasema kwa sauti ili soko lote lisikie: kama ni hivyo, chuo hakuna. Panda lori twende nyumbani, utachuma kahawa. Na hiyo suruali utaifukia kwenye ngolo. Skola alikunja nguo zake mbili tatu kwenye kitenge, akamuaga shangazi yake, akapanda lori. Machozi yalimtoka njia nzima, na hakuyafuta. Nami nikakaa juu ya magunia ya dagaa, nimelivaa koti langu kwa makusudi, maana kulivua kungekuwa ni kukubali.

Sasa sikilizeni Mungu anavyofanya kazi.

Tulipoanza kupanda mlima mvua ilikuwa imetangulia. Kwenye kona moja kali, kushoto ukuta wa udongo, kulia korongo ambalo huoni mwisho wake, lori likaanza kuteleza. Dereva akapiga kelele, "Shukeni wote! Tafuteni mawe!" Watu wakaruka. Nami nikaruka, kwa nyuma, kwa heshima yangu yote.

Sikufika chini!

Ile tai ya cheo ilikuwa imenasa kwenye kulabu ya kufungia turubai. Nikaning'inia, ndugu zangu, kama kondoo buchani! Miguu inapiga hewa. Kola imenikaba shingo. Na lori linarudi nyuma, hatua kwa hatua, kuelekea korongoni. Wanaume wote wako kwenye magurudumu, wanasukuma, wanatia mawe, mawe yanazama kwenye matope. Mmoja aliyeniona akanivuta miguu. Alidhani ananisaidia, nusura anitoe roho! Nikataka kumwita Mtakatifu Yosefu, sauti ikatoka kama ya jogoo mgonjwa. Mama mmoja akajaribu kupanda bodi aje kuikata ile tai, lakini kitenge kilimbana, mguu haukunyanyuka. Mwingine alikuwa na sketi, akapanda nusu, akateleza, akaangukia mchaichai.

Nikasema moyoni: Bwana, kumbe ndivyo nitakavyokufa. Nitafika mbele yako nimevaa koti la mimba, na wewe utaniuliza habari za suruali ya mwanangu.

Hapo nikaona kapelo. Skola aliweka mguu mmoja juu ya tairi, mguu wa pili juu ya bodi, akajirusha kama anayepanda mti wa mpera. Akaukumbatia mlingoti wa bodi kwa mapaja, ndugu zangu, kwa mapaja yaliyo ndani ya suruali, mikono yote miwili ikawa huru. Hakuhangaika na tai. Alijua lile koti. Mkono wake uliingia chini ya marinda, upande ule wa kike ambao vidole vyangu vilikuwa havijauzoea, akafungua vifungo vinne, tap, tap, tap, tap! Nikachomoka ndani ya koti kama ndizi ndani ya ganda, nikaangukia matope, nimebaki na fulana yangu yenye matundu, ile niliyokuwa naificha chini ya koti miezi yote hiyo.

Na wakati ule ule jiwe kubwa likashika gurudumu. Lori likasimama. Mungu ni mwema!

Koti lilibaki pale juu kwenye kulabu, linapepea, limetuna. Skola akaruka chini, akapiga magoti pembeni yangu kwenye matope. "Baba, umeumia?"

Ndugu zangu, shingo ilikuwa inauma, lakini sicho kilichonitoa machozi. Niliitazama ile suruali imejaa matope mpaka kiunoni. Niliona nguo ya adabu kuliko zote nilizowahi kuona.

Nikamwambia, "Mwanangu, kalamu unayo?" Alikuwa nayo, iko kwenye nywele chini ya kapelo. Nikaagiza koti literemshwe, nikatoa fomu mfukoni mwa lile koti, nikaziweka juu ya boneti ya lori. Boneti ilikuwa ya moto, mvua inanyunyiza. Niliandika majina yangu yote matatu, moja baada ya jingine, sikuruka herufi. Dereva alisubiri. Watu wote walisubiri, na hakuna aliyelalamika.

Jumapili nilisimama mbele ya jumuiya nikiwa na fulana na shati la kuazima, nikasimulia kila kitu kama ninavyosimulia leo. Sheria yangu nikaifuta. Walicheka hadi katekista akashindwa kufunga sala. Waache wacheke! Aliyening'inia kwenye kulabu hana la kuficha tena. Skola alipita katikati yao na suruali yake imefuliwa, akakaa benchi la mbele, karibu na mama yake. Fomu zilikuwa zimepigwa muhuri na kuondoka Mbinga kabla ya Ijumaa, na wiki iliyofuata akaondoka kwenda chuo.

Basi wewe unayemfungia mtoto wako mlango kwa sababu ya nguo, au kwa sababu ya aibu yako mwenyewe, mwachie Mungu leo. Usingoje akutundike. Mwamini, shuka mwenyewe wakati miguu yako bado inafika chini.

Namshukuru Mungu kwa nilivyo navyo leo: Shamba la kahawa. Ngolo upande wote wa mlima unaotazama jua. Nyumba mbili za bati. Mashine ya kusaga. Ng'ombe watatu. Mke yule yule. Binti mwenye digrii. Wajukuu wawili. Na koti moja la damu ya mzee, ambalo Skola alilivaa kwa mimba zote mbili, likamkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi. Tai ya nyuma imechanika. Vifungo vyote vipo.