Walinzi Wawili wa Sauti ya Marehemu

Baada ya sala ya alasiri, gari la Bagamoyo likienda taratibu na vivuli vya minazi vikipita juu ya nyuso zetu, nilikuwa nikisinzia nilipomsikia mama mkulima wa mananasi akimweleza jirani yake, kijana fundi wa kompyuta. "Mwanangu, nimeweka antivairasi mpya ya kuilinda kompyuta yangu, ikaganda. Na humo mna sauti ya marehemu mume wangu akisoma Yasini."

"Ile ya zamani uliiondoa, mama?"

"Niiondoe vipi kabla mpya haijashika zamu? Shambani mlinzi haondoki mpaka mwenziwe afike, nguruwe pori wasije wakapita."

Kijana akacheka. "Hawa walinzi wa kompyuta wakikutana hudhaniana wezi. Mwondoe wa kwanza, uizime kompyuta na kuiwasha, ndipo umwingize wa pili."

"Na hapo katikati, nani atamlinda mume wangu?"

"Wewe zima intaneti tu."

"Tu! Ungekuwa mjane usingesema hivyo."

 

Gari likasimama Kerege. "Basi hapo katikati nitamsomea Ayatul-Kursiy imlinde," akasema mama akishuka. Dirishani nilimwona akivuka barabara, na midomo yake tayari inasoma.