Pak Kasmuri na Taa ya Kulia ya Basi Namba 17

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, mzee wetu, Pak Kasmuri, anastaafu baada ya kuitumikia karakana ya mabasi ya Lawang Biru, hapa Kaligawe, Semarang, Indonesia, kwa miaka thelathini na mitano na miezi miwili kasoro siku chache. Aliingia lango letu tarehe 3 Aprili 1989 akiwa na bisibisi mbili zake mwenyewe. Moja bado anayo. Nyingine anasema iliazimwa na Pak Gunarto, dereva, mwaka 1994, na Pak Gunarto anaapa aliirudisha. Kesi hiyo bado inaunguruma, na kwa kuwa Pak Gunarto naye anastaafu mwakani, tunaomba iishe kabla hatujapoteza mashahidi.

Mkuu wa karakana, Pak Tjahyo, alinikabidhi mimi wa stoo ya spea kazi ya kuandika wasifu huu. "Mbak Wury, dada yangu, wewe ndiye umekaa naye dirisha kwa dirisha," alisema, "tena mwandiko wako unasomeka." Akaniagiza uwe ukurasa mmoja, na usiwe wa kuliza watu, maana wali wa sherehe utapoa. La ukurasa mmoja limenishinda, kama mnavyoona.

Pak Kasmuri aliajiriwa kama fundi umeme wa kawaida, wa kushika chochote chenye waya. Lakini karakana yetu iko mahali ambapo bahari ikipanda, inapanda mpaka barabarani, na mabasi yanapita ndani ya maji ya chumvi kama bata. Kitu cha kwanza kuumia ni taa za nyuma. Kava ikiwa na ufa hata wa unene wa unywele, maji yanaingia, soketi inaota kutu ya kijani, balbu inakufa, na dereva aliye mbele hajui lolote. Mafundi wengine waliikimbia kazi hiyo kwa sababu ni ndogo na haina sifa. Yeye aliichukua, akakaa nayo mpaka leo.

Tulio wengi hapa tumejifunza kwake namna ya kuitendea taa iliyonyweshwa maji. Kwanza unaifungua na kuisuuza kwa maji baridi ya bomba, kwa sababu chumvi ikikaukia ndani itaendelea kula shaba hata jua likiwaka mwezi mzima. Kisha unaikausha polepole. Kisha unasugua soketi kwa msasa laini, unabadilisha mpira, unaziba ufa kwa gundi isiyo na rangi. Ufa ukiwa umefika kwenye pembe ya skrubu, huzibi tena, unakuja dirishani kwangu kuomba taa mpya. Nikimwambia taa mpya hazijafika, alikuwa hagombi. Alisimama tu pale dirishani, mikono nyuma, akiniangalia kwa upole hadi nikainua simu kumpigia muuzaji.

Kuhusu kukausha, mkewe, mama yetu Bu Sumirah, ana malalamiko ya miaka mingi. Msimu wa mvua jua halitoshi, kwa hiyo Pak Kasmuri alibeba taa nyumbani na kuzipanga juu ya mtungi wa kutunzia wali moto. "Mimi nimeolewa na basi," Bu Sumirah hutuambia. "Watoto wangu wamekula wali wenye harufu ya plastiki mpaka wakamaliza shule."

Kuna pia habari ya samaki. Mwaka 2013, baada ya maji kujaa siku nne, Pak Kasmuri alifungua taa ya kushoto ya basi la kwenda Jepara akakuta samaki mdogo, mzima, anazunguka ndani. Alimtoa kwa kijiko cha chai, akamtia kwenye chupa, akamweka juu ya meza yake. Madereva walipanga foleni kuja kumwona. Pak Gunarto, dereva wa basi hilo, alipoulizwa aliwezaje kuendesha hivyo, alijibu, "Mimi nilidhani abiria wote wanalipa nauli." Jioni Pak Kasmuri alitembea hadi mfereji wa nyuma akamwachia samaki aende zake.

Huyo huyo Pak Gunarto ndiye aliyewahi kuziba kava iliyovunjika kwa karatasi nyekundu ya peremende. Pak Kasmuri aliizunguka ile taa mara mbili, akauliza, "Hii ni taa au ni zawadi ya arusi?" Halafu akaitengeneza bila kumsemea kwa mkuu.

Na wote tunaijua sauti yake ya asubuhi. Hakuna basi lililotoka langoni kabla hajasimama nyuma yake na kuita, "Kanyaga! Achia! Kanyaga tena!" Mvua, jua, mfungo, mafua, alisimama. Wageni walidhani ni sheria ya kampuni. Si sheria. Alianza mwenyewe mwishoni mwa mwaka 2005, na sababu yake inabidi niieleze, kwa sababu inanihusu.

Mwaka huo, siku za mwisho za Ramadhani, kila basi lilitakiwa barabarani kuwapeleka watu makwao kwa Idi. Pak Kasmuri alitengeneza taa za mabasi kumi na moja kwa siku mbili. Taa ya kulia ya basi namba 17 aliiziba vizuri mno. Chini ya kila taa kuna tundu dogo la kutolea unyevu, yeye huliita tundu la machozi, na katika haraka ile alilipaka gundi likazibika. Maji yakaingia juu kwa njia ya waya, yakakosa pa kutokea. Siku ya tatu, mvua ikinyesha, basi lilikuwa likishuka mteremko wa Gombel wakati wa kufuturu. Dereva akakanyaga breki, taa ya kulia haikuwaka, na pikipiki iliyokuwa nyuma ikajigonga kwenye kona ile ile ya kulia. Mwenye pikipiki alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Alivunjika mguu mara mbili. Ndiyo maana mimi hutembea hivi ninavyotembea.

Idi ile niliisherehekea kitandani hospitalini. Siku ya pili akaja mwanamume mwembamba mwenye shati la karakana lililopigwa pasi, amebeba samaki wa kupikwa hadi mifupa ikalainika, na wali kwenye jani. Alimpa mama, akakaa kwenye ukingo wa kiti nusu saa, akaondoka bila kusema yeye ni nani. Alirudi kila Jumapili. Nilipoanza kutembea kwa gongo, ni yeye aliyekwenda kwa mkuu wa wakati ule kuniombea kazi ya stoo. Mama alidhani ni jamaa wa upande wa baba; mimi nilikuwa nimesoma jina la karakana kwenye shati lake, nikaelewa.

Ile taa yenyewe hakuitupa. Imo kabatini mwake mpaka leo, na kila fundi mpya huonyeshwa lile tundu lililozibwa. "Hili ni kosa langu," huwaambia. "Litazameni vizuri ili lisiwe lenu." Mimi nikiwa dirishani, hatua nne kutoka hapo, nilisikia maneno hayo labda mara ishirini. Kila mara nilijifanya natafuta kitu rafuni.

Sasa niseme la Idi. Siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu, sisi hapa hujipanga mstari uani, tunapeana mikono mmoja mmoja na kuombana msamaha, wa dhahiri na wa moyoni. Tunamwambia kila mtu, hata yule ambaye hatujamkosea kwa lolote. Uzuri wa desturi hii ni kwamba hakuna anayeaibika. Ubaya wake ni huo huo. Neno likisemwa na wote kwa wote, mwenye kosa la kweli analitoa na bado hajui kama limepokelewa. Idi kumi na tisa Pak Kasmuri amenishika mkono katika mstari ule, akasema kama wengine, nami nikajibu kama wengine. Alikuwa akiushika muda mrefu kidogo kuliko wengine, basi.

Aprili mwaka huu, mstari ulipokwisha, Bu Sumirah alinivuta pembeni ya sufuria za chai. Aliongea huku akitazama vikombe.

"Mbak Wury, nikuulize kitu cha kijinga. Kila mwaka akitoka hapa, anakaa kibarazani hata viatu hajavua, ananiuliza: 'Unadhani alimaanisha?' Mimi namwambia ndiyo, mzee wangu, alimaanisha. Mwaka unaofuata anauliza tena. Sasa anastaafu, mwakani hatakuwepo kwenye mstari. Naogopa ataniuliza mpaka anaingia kaburini. Je, ulimaanisha?"

Nilimwambia nilimaanisha. Hilo ni kweli, lakini halikutosha. Bu Sumirah aliuliza nusu tu ya swali, kwa sababu nusu ya pili hakuna aliyeijua isipokuwa mimi.

Nusu ya pili ni hii. Taa ya kulia haikuwaka, na hilo wala sibishi. Lakini ya kushoto ilikuwa inawaka, nyekundu, safi, nami niliiona. Niliiona mapema. Adhana ilikuwa imeshasikika, nilikuwa na njaa, mama alikuwa amepika, nikajiambia nitalipita basi kabla halijasimama. Nikatoka upande wa kulia, nikakutana na lori linapanda, nikarudi ghafla, na nilichogonga ndicho kile kilichokuwa giza. Askari alipokuja kitandani kuuliza, nilijibu kwamba sikuona taa yoyote. Watu wakasema mvua ile ilikuwa kubwa, taa moja isingeonekana. Nami nikawaacha waseme.

Mwanzoni nilinyamaza kwa woga wa askari. Baadaye nilinyamaza kwa sababu kazi hii nimeipata kwa ajali ile, na mama alikuwa ananitegemea. Kisha miaka ikapita na ukimya ukawa mazoea. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha miaka kumi na tisa, huku mtu mwingine akisimama mvuani kila asubuhi nyuma ya kila basi, akilipia kosa ambalo nusu yake ni langu.

Pak Tjahyo amesoma kurasa hizi kabla hazijaenda kuchapwa, maana sikutaka azisikie kwanza ukumbini. Alisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo, akasahihisha tarehe moja niliyokosea. Nikamwuliza kama niiondoe sehemu hii. Alivua miwani.

"Hukuweka bisibisi ya Gunarto peke yake," alisema. "Umeweka na hii. Basi ikae. La kazi yako tutaongea Jumatatu."

Jumatatu itakuja, na nitakuwepo dirishani kusikiliza.

Kwa leo, karakana nzima inakushukuru, Pak Kasmuri. Tunakushukuru kwa taa ambazo hatuwezi kuzihesabu, kwa watu waliofika makwao nyuma ya mabasi yetu wasijue kuna fundi aliyewaangalia. Tunakushukuru kwa mafundi tisa uliowafundisha, ambao wote sasa wanabeba sindano mfukoni ya kuzibulia tundu la machozi. Kuanzia kesho watapokezana kusimama nyuma ya mabasi na kuita, na tumekubaliana kwamba atakayeruka basi hata moja ataosha mfereji. Wali wa njano umeshajengwa kilima chake, na kilele, kama ilivyo desturi kwa mwenye sherehe, ni chako. Tafadhali mgawie na Bu Sumirah, safari hii bila harufu ya plastiki.

Na mimi, peke yangu, nina langu. Idi iko mbali na hakuna mstari leo, kwa hiyo hili halisemwi kwa desturi wala kwa watu wote. Nakuomba wewe, Pak Kasmuri, unisamehe, kwa dhahiri na kwa moyoni, kwa taa ya kushoto niliyoiona nikasema sikuiona. Lako nililisamehe tangu samaki wa kwanza, pale hospitalini.

Uishi maisha mema, Pak, wewe na mkeo. Jioni ya leo ukifika kibarazani, vua viatu kwanza. Usimwulize Bu Sumirah kama nilimaanisha. Safari hii ni zamu yangu kukaa nyumbani kwangu na kujiuliza kama wewe utamaanisha.